Barua za Hajjat wa Mbale

Sehemu ya Tisa

Wiki nzima Rehemah amebaki amesimama ndani ya ofisi yake, mkono juu ya kitasa cha mlango, na agizo la Hajjat Madinah mgongoni kwake. Hajatoka hapo.

"Nimesema niitie Nusifa," Hajjat alirudia. "Sikuja kunywa chai. Nimekuja kumwona mwanafunzi wangu."

Kwa msomaji anayeungana nasi leo, mambo yako hivi. Rehemah ndiye anayeshughulikia wafadhili katika Chuo cha Sanaa Nyanza, mjini Jinja. Kila mwaka yeye huandaa Siku ya Wafadhili, huandika ripoti, hupiga simu, hukumbuka nani amefiwa, nani hapendi kupigwa picha, nani atanuna jina lake likikosewa kwenye kalenda ya Desemba. Hajjat Madinah, mwenye duka la jumla Mbale, ndiye mfadhili mkubwa kuliko wote. Wanafunzi ishirini na wawili wanasoma kwa fedha zake. Anayemjua kwa jina ni mmoja tu, Nusifa, kwa sababu kila muhula Nusifa humwandikia barua kwa mkono wake.

Na Nusifa hayupo chuoni tangu Februari. Barua mbili za mwisho, ya Aprili na ya Juni, aliziandika Rehemah.

Siku ya Wafadhili ilikuwa Jumamosi. Hajjat hakutarajiwa kabla ya hapo. Lakini ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, naye alikuwa ameketi ofisini, funguo za pikapu yake mkononi.

"Hajjat," Rehemah alianza, "kuhusu Nusifa..."

Mlango ulisukumwa kutoka nje. Aliyeingia ni Mwalimu Wanyama, mkuu wa chuo, akiwa ametangulia kutabasamu.

"Karibu sana, nyabo, mama yetu. Nimeambiwa unamuulizia Nusifa. Bahati mbaya mmepishana. Tumemtuma nje kwa mafunzo. Anachora milima."

"Milima ipi?"

Mwalimu Wanyama hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Wanale," akasema.

Rehemah aliinamisha kichwa. Mlima Wanale uko juu ya mji wa Mbale. Ukisimama dirishani kwa Hajjat unauona wote, na maporomoko yake.

"Yuko Wanale," Hajjat alisema taratibu. "Mlangoni kwangu. Na hajaja kunisalimia."

"Ni msichana mwenye haya, nyabo."

"Basi vizuri. Narudi Mbale sasa hivi. Rehemah atakwenda nami anionyeshe alipo."

Hajjat alitangulia kwenye gari. Mkuu wa chuo alimshika Rehemah mkono pale ukumbini.

"Mwalimu, nitamwonyesha nini?" Rehemah aliuliza. "Mlima mtupu?"

"Mzungushe. Sema amehama nyumba, sema simu yake imezimwa. Jumamosi ikipita tutamweleza taratibu."

"Nilikuambia Februari tumweleze."

"Na ungemweleza Februari, leo wale ishirini na wawili wangekuwa nje ya geti. Unawajua wote. Haya, nitajie wa kwanza kuondoka."

Rehemah aliwajua wote, na vijiji vyao, na nani kati yao anayelala na njaa akipata likizo. Hapo ndipo Mwalimu Wanyama alipokuwa akimkamatia siku zote, na siku zote alikuwa akikamatika.

Alipanda gari.

*

Hajjat aliendesha kama mtu mwenye mzigo unaosubiriwa. Walipita Iganga. Walipofika Nakalama wakakata kushoto, wakaishika barabara ya Tirinyi.

Rehemah alikuwa akimfikiria Nusifa halisi.

Alikuwa amemfuata mwezi wa Machi, kule Masese, ufukweni. Alimkuta amechuchumaa kando ya mtumbwi uliopinduliwa, kopo la rangi ya bluu miguuni, anaandika jina la mtumbwi kwa herufi kubwa nzuri. Dagaa walikuwa wameanikwa mpaka njiani.

"Rudi, Nusifa. Nafasi yako ipo."

"Nimechoka kushukuru, dada Rehemah."

"Kushukuru kunachosha?"

"Kila muhula unaniletea karatasi unasema andika asante. Nikiumwa, asante. Nikifeli, asante. Hapa nikimaliza kazi, mwenye mtumbwi ndiye ananiambia mimi asante." Hakuwa na hasira. Aliendelea kupaka rangi. "Mwambie Hajjat nimeacha. Mwambie si kwa ubaya. Ni mama mzuri."

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi hivyo. Rehemah alikuwa ameubeba miezi mitano na hajaufikisha.

"Umekuwa kimya," Hajjat alisema.

"Nimechoka kidogo tu, Hajjat. Maandalizi."

"Mimi pia nimechoka." Hajjat alipunguza mwendo nyuma ya lori la mpunga. "Sijawahi kukuambia kwa nini nilianza kuwasomesha hawa watoto. Nilisema ni sadaka. Ni sadaka, ndiyo. Lakini nilikuwa na binti. Twaibah. Alichora tangu hajajua kusoma. Fomu ya kujiunga na chuo chenu aliijaza mwenyewe. Homa ikamchukua kabla muhula haujaanza. Miaka saba sasa."

Rehemah alikuwa na faili la Hajjat lenye kurasa arobaini. Habari hiyo haikuwamo.

"Pole, Hajjat. Pole sana."

"Ahsante. Lakini sikuambii ili unipe pole. Nakuambia kwa sababu ya Hajji."

Hajji Siraj, mume wake, alikuwa amepata kiharusi mwaka juzi. Mwili ulirudi nusu. Kumbukumbu haikurudi. Jioni moja Hajjat alikuwa akisoma barua ya Nusifa kwa sauti, na mzee, aliyekuwa hajasema neno wiki nzima, akasema: Twaibah anaandika vizuri.

"Nilimsahihisha," Hajjat alisema. "Nikamwambia, Hajji, Twaibah alifariki. Akalia kana kwamba habari ndiyo kwanza inamfikia. Wiki iliyofuata akasahau, akauliza tena, nikamwambia tena. Mara tatu nimempa mume wangu msiba wa mtoto yule yule. Ya nne sikuweza. Nikasoma barua nikanyamaza."

Lori lilikata kona, njia ikafunguka, lakini Hajjat hakuongeza mwendo.

"Juma lililopita daktari ametuambia tusimsumbue tena kumpeleka hospitali. Akae nyumbani. Unaelewa maana yake. Ndiyo maana sikungoja Jumamosi. Nataka Nusifa aje akae naye saa moja tu. Sitaki adanganye, sitaki ajiite Twaibah. Akae karibu yake, amsomee barua aliyoiandika mwenyewe. Basi."

"Barua ipi?" Rehemah aliuliza, ingawa alishaanza kuogopa jibu.

"Ya mvua. Ya Aprili. Tangu ilipofika hataki nyingine."

*

Tirinyi walisimama kuweka mafuta. Hajjat alishuka kulipa. Rehemah alibaki peke yake garini na simu yake.

Angeweza kushuka. Basi la kurudi Jinja lilikuwa limesimama pale pale, mlango wazi, kondakta anaita abiria. Alilitazama mpaka likaondoka.

Miaka kumi na mmoja alikuwa amefanya kazi chuoni, na hakuwahi kutuma hata kadi ya Idi kwa mfadhili bila kibali cha mkuu. Hata sasa vidole vilifanya vile vilivyozoea. Aliandika: Mwalimu, nimeshindwa. Nitamweleza Hajjat ukweli wote leo. Naomba unielewe.

Akatuma. Alama mbili zikatokea, zikageuka bluu. Mwalimu Wanyama alikuwa ameusoma.

Hakujibu. Walipita Kamonkoli. Mlima Wanale ukatokea mbele yao, umekaa juu ya mji kama ukuta, na bado simu ilikuwa kimya. Rehemah akafikiri labda mkuu amekubali. Msomaji, tusimcheke. Mtu akizama hushika chochote.

*

Nyumba ya Hajjat ilikuwa juu ya duka lake, magunia ya sukari chini, familia juu. Walifika saa saba, watu wakitoka msikitini.

"Wanale tutapanda baadaye," Hajjat alisema wakipanda ngazi. "Kwanza umsalimie Hajji."

"Asalaam alaikum, Hajji."

Mzee alikuwa amelazwa kando ya dirisha, mto mgongoni, mwembamba kuliko picha yake iliyoko ofisini Jinja. Salamu aliipokea kwa midomo tu. Mkono wake wa kulia, ule unaofanya kazi, ulikuwa juu ya kifua umeshika bahasha ya plastiki. Ndani yake mlikuwa na barua.

"Maadamu Nusifa hayupo, msomee wewe," Hajjat alisema. "Sauti yako ni changa. Mimi nimeshamchosha."

"Hajjat, kuna jambo lazima nikuambie kwanza."

"Msomee. Kisha utaniambia."

Mzee aliachia bahasha kwa shida. Rehemah aliifungua. Karatasi ilikuwa imelainika kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Mwandiko ulikuwa wa Nusifa, ile 'a' yake ya mviringo na ile 'g' yenye mkia mrefu. Rehemah aliunakili kutoka kwenye barua za faili, usiku wa pili baada ya mkuu kudai barua ya muhula. Maneno hayakuwa ya Nusifa. Alisoma:

"Hajjat mpendwa, leo nilichora nje na mvua ikanikuta sijamaliza. Rangi yote ilikimbilia chini ya karatasi. Mwalimu akasema itupe, anza nyingine. Sikuitupa. Nimeiweka juu ya meza ikauke. Kila nikipita naiangalia. Nilichotaka kuchora hakipo tena, lakini kilichobaki nakipenda. Sijamwambia mtu, nakuambia wewe tu."

Mzee alifumba macho. Nusu ya uso wake ilitabasamu.

"Huyo ndiye," alisema kwa ulimi mzito. "Hatupi kitu."

Rehemah hakuweza kuendelea na ukurasa wa pili. Mvua ile ilimnyeshea yeye, miaka kumi na minne iliyopita, akiwa mwanafunzi katika chuo kile kile. Karatasi ile alikuwa nayo mpaka leo, nyumbani, nyuma ya kabati. Alipoambiwa na Mwalimu Wanyama aandike barua ya uongo, hakuwa na la kuandika isipokuwa jambo la kweli kuliko yote aliyowahi kuyaona.

Alimrudishia mzee bahasha yake, akatoka chumbani. Hajjat alimfuata sebuleni, mlango ukabaki wazi.

"Nusifa hayupo Wanale," Rehemah alisema. "Yuko Masese, ni mzima, anaandika majina kwenye mitumbwi. Aliacha chuo Februari. Alinituma nikuambie si kwa ubaya. Barua mbili za mwisho niliziandika mimi."

Aliyasema yote bila kupumua. Hajjat alikaa kwenye kiti, akaanza kuvua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Ya mvua?"

"Ni yangu."

"Na ile ya zamani, ya mama anayekunja shuka?"

"Hiyo ni ya Nusifa. Zote za nyuma ni zake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliwaogopea wale ishirini na wawili."

"Uliwaogopea wao, au uliniogopa mimi?"

"Yote, Hajjat."

Kutoka chini zilisikika sauti za wapagazi wakishusha magunia. Hajjat alizisikiliza kama mtu anayehesabu, lakini hakuwa akihesabu chochote.

"Ungeniambia Februari ningekasirika wiki moja," alisema mwishowe. "Ningekutukana kwenye simu, kisha ningeuliza huyo msichana anahitaji rangi za namna gani. Sasa nifanye nini? Nikikufukuza, yule ndani ataniomba barua jioni. Nikikusamehe, nitakuwa nimenunua uongo kwa mikono yangu." "Umeniachia kitu ambacho siwezi kukitupa wala kukiweka, Rehemah."

"Niambie nifanye nini, nitafanya."

"Hakuna. Hilo ndilo linaloniudhi. Hakuna."

Mlango wa ngazi uligongwa mara mbili.

*

Aliyeingia alikuwa askari polisi, mrefu, kofia mkononi, daftari kwapani. Alijipangusa viatu mlangoni kwa heshima.

"Samahani, mama. Mimi naitwa Afande Otim. Jinja wamepiga simu kwa kituo yetu. Wewe ndiyo Hajjat Madinah?"

"Ndiye mimi."

"Kuna mkuu wa chuo ameandikisha kesi leo asubuhi. Anasema mfanyakazi wake, mwanamke anaitwa Rehemah, alikuwa anaandikia wafadhili barua ya bandia. Yeye pekee yake. Chuo ilikuwa haijui." Alifungua daftari kuhakikisha. "Mimi nimetumwa kuchukua hiyo barua. Na huyo mwanamke, anasema ametoka Jinja leo. Nikimpata, nampeleka."

Alama mbili za bluu. Rehemah alizielewa sasa. Ujumbe wake wa kuomba kueleweka ulikuwa umempa Mwalimu Wanyama saa mbili nzima za kumtangulia. Na mwandiko ulikuwa wake, na maneno yalikuwa yake, na kwenye simu yake alikuwa amekiri kwa maandishi.

Alitaka kusema, mimi ndiye. Badala yake akarudi nyuma hatua moja.

Hajjat alisimama. Hakumtazama Rehemah. "Barua anazo mume wangu, afande. Ni mgonjwa."

"Nitaangalia tu polepole, mama."

Waliingia chumbani wote watatu. Afande Otim aliinama kitandani, akaomba kwa upole, akashika ncha ya bahasha. Mzee aliivuta kifuani. Askari alivuta kidogo. Mzee akavuta, pumzi zikimwenda mbio, na macho yake yakajaa hofu ya mtoto.

"Afande, unamnyang'anya mtu anayekufa," Hajjat alisema.

"Mama, mimi natumwa tu." Aliachia bahasha. Uso wake ulionyesha kwamba hakuipenda kazi ya siku hiyo. "Sikia. Nikuulize swali moja, ujibu, niandike. Kama hii barua si ya huyo mwanamke wa Jinja, basi si kielelezo, siichukui. Nani ameandika?"

Hajjat Madinah alikuwa amefanya biashara miaka thelathini, na Mbale nzima ilijua kwamba mizani yake haina uongo. Angesema ni za Rehemah, barua zingeondoka na Rehemah angeondoka nazo. Angesema ni za Nusifa, wangemfuata yule msichana Masese, naye angekana. Alimtazama mumewe, ambaye bado alikuwa anahema.

"Mwanangu," alisema. "Barua hizi ni za mwanangu, Twaibah."

"Twaibah nani?"

"Twaibah Masaba."

Afande Otim aliandika, akionekana kufarijika. "Vizuri. Basi hii kitu ni ndogo. Niongee na huyo Twaibah dakika moja, aweke sahihi hapa, mimi niende. Yuko wapi?"

Hajjat aligeukia kitandani. Alishika nguzo ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu Rehemah amjue, alionekana mzee.

Ndipo mkono wa kulia wa Hajji Siraj ulipoinuka kutoka kifuani. Ulikwenda polepole, ukapita mbele ya askari, ukasimama ukielekea kona aliyosimama Rehemah.

"Si ndiye huyo hapo," mzee alisema, wazi kuliko neno lolote alilolisema mwaka huo. "Amenisomea sasa hivi."

Afande Otim aligeuka, akampa Rehemah daftari na kalamu.

"Ni kweli, dada? Wewe ndiyo Twaibah?"

Na kutoka kwenye mto wake kitandani, Hajji Siraj naye alikuwa akimtazama, akingoja jibu lile lile.